Pikipiki ya Dar kwenye Baridi ya Njombe

Dar es Salaam mtu anaweza kuendesha pikipiki miaka nenda miaka rudi asijue choki ina kazi gani. Alfajiri ya Mbagala au Tegeta, hata mwezi wa saba, haina baridi ya kuisumbua petroli. Unapiga kiki moja, injini inaitika, unaondoka. Kile kijiko cha choki kinabaki ubavuni mwa kabureta kimegandiwa na vumbi lililochanganyika na oili, na wapo bodaboda waliokifunga kwa waya kisije kikacheza. Ya kwangu ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Ilikuwa pikipiki ya CC 150, ya kabureta, imeshatumika, niliyoinunua kwa ajili ya mdogo wangu anayefundisha shule Makete. Nilipotajiwa gharama ya kuipakia kwenye lori, niliona bora niiendeshe mwenyewe, ingawa nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro si kwa pikipiki si kwa basi. Nyanda za Juu Kusini nilizijua kwa viazi mviringo, na kwa Wakinga wenye maduka Kariakoo.

Aliyeniuzia alikuwa ameipandisha silensa, ule mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama, juu mno. Ukisimama kwenye foleni ya Kimara ilinguruma utadhani umeshika moto. Hilo lilinitia shaka kidogo, maana mtu hapandishi silensa ya injini nzima kwa kujifurahisha. Mara nyingi anaificha injini inayotaka kuzima. Lakini barabarani ilikwenda. Kibaha, Chalinze, Morogoro, sauti ile ile toka asubuhi hadi jua la utosi, na milima ya Uluguru ilipotokeza nikawa nimeshaisamehe.

Mikumi ndipo nilipotambua kwamba pikipiki haina dirisha. Barabara kuu inaikatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Kwenye basi watu huchungulia twiga wakarudi kwenye simu zao. Juu ya pikipiki, tembo akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye lami, unajua hakuna hata bati kati yako na yeye. Nilipunguza mwendo, nikaacha lori lililokuwa nyuma linipite, kisha nikajibanza nyuma yake mpaka tulipotoka. Njiani kuna mabango yanayotangaza faini ya kila mnyama atakayegongwa. Niliyasoma nikawaza kwamba mwenye pikipiki akimgonga nyati, faini itakuwa shida ndogo kuliko zote.

Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Injini ilikuwa inafurahi pale. Baada ya hapo kuna Kitonga.

Wanaosafiri kusini mara kwa mara wameuzoea mlima huo hadi wanaulalia usingizi. Mimi sikuweza kufumba jicho, na si kwa sababu ya kushika usukani tu. Barabara imeng'ang'ania ubavu wa mlima, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ndogo kabisa, huku harufu ya breki za yanayoshuka ikikujaa puani. Nilipanda kwa gia ya pili. Nilipofika juu na kuanza kuinyoosha kuelekea Ilula, niligundua pikipiki imelegea. Ile gia ya nne iliyokuwa inavuta vizuri Mikumi ilikuwa sasa inaomba irudishwe ya tatu kwenye kila mwinuko.

Hilo peke yake si ugonjwa. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Ukifika mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wake umebaki takriban asilimia 80 ya ule wa pwani, na injini isiyo na turbo inabaki na nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Kabureta nayo haijui kwamba umehama. Inaendelea kumimina mafuta iliyopangiwa kumimina Dar, wakati hewa ya kuyachoma imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko inavyotakiwa. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kumaliza ubishi.

Iringa nililala. Asubuhi pikipiki ikagoma.

Haikugoma moja kwa moja. Nilikitoa kijiko cha choki kwenye uchafu wake kwa bisibisi, nikakivuta, nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka katika baridi ile, ikawaka. Ikiwa na choki ilikaa. Nikirudisha choki, inakohoa mara mbili, inazama, inazima. Nikavuta tena, ikawaka, nikarudisha, ikazima. Baada ya kuipasha kwa muda mrefu kwa kushikilia moto, ilikubali kusimama bila choki, lakini silensa yake ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe, na kila baada ya muda inamisi. Nikiingia barabarani na kuifungulia, inakwenda kama hakuna kitu.

Kuanzia hapo kila kijiwe kilikuwa na daktari wake. Iringa bodaboda mmoja aliapa ni plagi. Nikanunua mpya, ile ya zamani nikaitia mfukoni. Hakuna kilichobadilika. Mafinga, katikati ya misonobari ya Sao Hill inayokwenda usione mwisho wake, kijana mwingine aliipandisha silensa zaidi, na kwa nusu saa nikadhani amepatia. Makambako, kwenye upepo unaokusukuma mpaka unaendesha umeinama upande, nikaambiwa tatizo ni mlima: "Kaka, hewa ya huku nyepesi, pikipiki za Dar zote zinasumbua, badilisha jeti." Huyu alikuwa na hoja, tena hoja ya kweli, na ndiyo maana ushauri wake ulikuwa wa hatari kuliko wa wenzake.

Njombe niliingia jioni, vidole vimekufa ganzi kwenye klachi. Madereva wa bodaboda wa pale wanavaa makoti mazito na kofia za sufi, na wengi wameshona vifuko vya ngozi au mpira kwenye mikono ya usukani. Wao ndio walionielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene."

Nikamjibu kamwene, kama nilivyowasikia wengine wakijibu, naye akacheka kwa kuwa nililitamka kipwani. Nikaanza kumweleza, huku nimeshaweka mguu kwenye kiki nimwonyeshe.

"Usiiwashe," akasema. "Imetoka barabarani sasa hivi, ina moto. Pikipiki yenye moto hainiambii kitu. Iache ilale hapa, wewe njoo alfajiri."

Sijawahi kusikia fundi anayekataa kazi ya jioni. Dar ukipeleka pikipiki inayozima asubuhi, inafunguliwa saa nane mchana, inafungwa saa tisa, unaambiwa imepona, kwa sababu saa tisa kila pikipiki imepona. Nilimwachia ufunguo nikaenda kutembea. Mji umejengwa juu ya vilima, hewa ina harufu ya moshi wa kuni, na parachichi zinauzwa kwa ndoo. Nilinunua soksi za pili.

Alfajiri joto lilikuwa chini ya nyuzi 10. Mzee alikuwa ameshafika, kikombe cha chai mkononi. Aliweka kiganja kwenye silinda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua koki ya mafuta, akasubiri kidogo bakuli la kabureta lijae, akavuta choki yote, kisha akanishika mkono wangu wa kulia. "Usivute moto. Watu wa Dar mnavuta moto huku mnapiga kiki. Ukivuta moto choki haifanyi kazi, hewa inaingia nyingi." Akapiga kiki taratibu mara mbili ufunguo ukiwa umezimwa, oili iachie, maana usiku wa huku unaifanya nzito. Akafungua ufunguo. Ikawaka kwa kiki iliyofuata.

Akairudisha choki nusu, injini ikaanza kuyumba. Akairudisha yote, ikazima. Akarudia. Kisha akaniuliza maswali, na kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja.

"Kwa kasi inakwenda?"

"Inakwenda."

"Inatoa moshi mweusi?"

"Hapana."

"Inanuka petroli?"

"Hapana."

"Plagi ya zamani umeitupa?"

Nikaitoa mfukoni. Ile mpya hakuigusa, kwa kuwa ilikuwa haijaungua vya kutosha kusema lolote. Ya zamani aliisogeza kwenye mwanga akanionyesha ncha: kauri yake nyeupe, kavu, bila hata chembe ya masizi. Injini inayokunywa mafuta kupita kiasi huacha plagi nyeusi. Hii ilikuwa na njaa.

Hapo ndipo alipoushughulikia ule ushauri wa Makambako. Kama tatizo lingekuwa mlima, alisema, pikipiki ingekuwa imeshiba mafuta, na iliyoshiba haidai choki; ukiivutia choki ndiyo inakabwa. Hii inaishi kwa choki. Choki kazi yake ni kuongeza mafuta. Asubuhi ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inaganda matone kwenye kuta za njia kabla ya kufika kwenye silinda, ndiyo maana injini baridi inahitaji ziada. Lakini ikishawaka na kupata moto inatakiwa iachie ziada hiyo. Isiyoachia ina upungufu mahali fulani: ama mafuta hayafiki, ama kuna hewa inayoingia kwa wizi. Na kwa kuwa kwa kasi inakwenda, upungufu uko kwenye njia ndogo, ile ya silensa, si kwenye njia kubwa.

"Huko Dar ilikuwa inaumwa hivi hivi," akasema. "Joto lilikuwa linaifichia."

Alianza na bakuli. Alichukua chupa ya plastiki iliyokatwa, akaikinga chini, akalegeza skrubu ya kumwagia. Petroli ikashuka, akaiacha itulie, akaniambia niangalie kitako. Kulikuwa na matone ya maji yanayokimbiana chini bila kuchanganyika na mafuta, na vumbi la kahawia lililokuwa linatulia polepole. Hii ni petroli ya kila mtu anayejazia kwenye chupa za kando ya barabara, na wakati mwingine ni kutu ya tangi lenyewe. Akaufumua mkono wa hewa, akaitoa kabureta, akaiweka juu ya gazeti.

Jeti ya silensa ni kipande cha shaba ya njano kisichozidi urefu wa kucha, na tundu lake halifiki hata nusu milimita. Aliielekeza kwenye mlango uliokuwa unaingiza mwanga wa asubuhi, akachungulia, akanipa. Nilitarajia kuona giza. Niliona mwanga, lakini haukuwa duara. Ulikuwa mwezi mwandamo, upande mmoja umezibwa na utandu wa kijani. Ndiyo sababu injini ilikuwa haifi kabisa: mafuta yalikuwa yanapita, ila ya kuitosha Dar tu. Aliichovya kwenye petroli safi, akachuna uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa taa na kuupitisha bila kulazimisha. Sindano ya chuma hakutaka hata kuisikia, kwa sababu inapanua tundu, na tundu likishapanuka jeti hiyo ni ya kutupa. Kisha akapuliza njia zote za kabureta kwa pampu ya baiskeli. Nilipochungulia tena, duara lilikuwa limekamilika.

Tukafunga, ikawaka. Choki ikarudi, haikuzima. Mimi nilikuwa tayari kutoa pesa.

Mzee hakuwa amemaliza. Silensa ilikuwa bado inapanda na kushuka, kidogo sana, na mimi nisingeisikia kama hangeniambia nifumbe macho. Alichukua chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, akaanza kuurashia kidogo kidogo ule mpira unaoshika kabureta kwenye injini. Juu, hakuna kitu. Pembeni, hakuna kitu. Alipofika chini, mahali ambapo jicho halifiki, mlio ulibadilika ghafla, ukashuka, kisha ukarudi. Akarudia ili nihakikishe. Maji yalikuwa yanafyonzwa.

Mpira ulipotolewa na kukunjwa, ufa ulionekana, urefu wa punje ya mchele. Ukiuachia unajifunga. Kwenye baridi mpira unakakamaa na ufa unakaa wazi; injini ikishapata moto mpira unalainika na ufa unabana, ndiyo maana jana yake mchana nilikuwa nadhani pikipiki imetulia. Na ufa kama huo hauna madhara makubwa ukiwa unakimbia, kwa sababu injini inavuta hewa nyingi, ile ya wizi ni sehemu ndogo. Kwenye silensa mlango wa hewa umekaribia kufungwa, mvuto nyuma yake ni mkali, na kila kinachopenya kinaharibu hesabu. Wengine huziba ufa wa namna hii kwa gundi, na gundi nyingi zinayeyushwa na petroli. Mzee alinituma dukani. Mpira uliotoka Kariakoo ulikuwa umeshafika Njombe kabla yangu, na umeongezewa bei ya safari.

Tapeti alizipima kabla injini haijapata moto tena, kwa kuwa tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na vavu zote mbili zimefunga. Kwenye injini nyingi za aina hii kitabu kinataka nafasi kama milimita 0.05 upande wa kuingiza na 0.1 upande wa ekzosi, lakini kila pikipiki ina yake na si vizuri kukisia. Tapeti ikibana, vavu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi kwa dalili zinazofanana mno na hizi. Zangu zilikuwa sawa. Akaishusha silensa, ile iliyopandishwa Dar na kuongezwa Mafinga, akiitafuta kwa sikio kwa sababu pikipiki haina saa ya mizunguko, mpaka ikatulia kwenye mlio mzito wa taratibu. Kwa vitabu vya pikipiki nyingi za namna hii ni mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Plagi ya zamani aliirudisha mahali pake. Ile mpya akaniambia niiweke akiba.

Alinionyesha na kitu cha mwisho, skrubu ndogo ya mchanganyiko ubavuni mwa kabureta, maana nilikuwa nimemwambia naendelea Makete. Hapa watu wengi huharibu, alisema. Skrubu ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukiikaza unayapunguza. Ikiwa upande wa kisafisha hewa, inapima hewa: ukiikaza unaipunguza, kwa hiyo mafuta yanazidi. Yangu ilikuwa upande wa injini. Akaitia alama ya rangi ya kucha ili nijue ilikokuwa. "Ukifika juu ikaanza kunuka petroli na kumisi, huo sasa ndio mlima. Kaza robo tu, usikilize."

Njia ya kwenda Makete inapanda, inashuka, inapanda tena, mashamba ya viazi yamelala kwenye miteremko ambayo mimi ningeogopa kusimama, achilia mbali kulima. Kitulo iko mbele huko, kwenye mita zaidi ya 2,600, na watu huenda kuona maua yake msimu wa mvua. Mwezi wa saba ni nyasi na baridi. Nilikuta watoto wa shule wamejifunga mablanketi.

Mdogo wangu alitoka nje kabla sijazima. Hakunipa pole ya safari. Alizunguka nyuma ya pikipiki, akainama kwenye ekzosi, akanusa.

"Kaka, mbona inanuka mafuta?"

Kweli ilikuwa inanuka, na silensa imekuwa nzito, inajikwaa. Nikamwambia alete bisibisi ya bapa. Nilianzia kwenye ile alama ya rangi, nikakaza robo. Mlio ukapanda kidogo, ukanyooka. Nikajaribu kuongeza robo nyingine, ukaanza kuyumba, nikairudisha. Mdogo wangu akataka kujua kwa nini nisimwekee jeti ndogo kabisa, kwa kuwa yeye hana mpango wa kushuka Dar na pikipiki hiyo. Lilikuwa swali la haki, na tulibishana nalo mpaka ugali ukaja.